Nywele katika Miezi ya Kaskazi: Mwongozo wa Kuzilinda na Kuzitunza

Kwa wakazi wa mwambao, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja, Dar es Salaam na Mtwara, kiangazi chenyewe ni miezi ya kaskazi, yaani Desemba hadi Machi, upepo unapovuma kutoka kaskazini-mashariki na joto la mchana Dar es Salaam linapofika nyuzi 32 au 33, huku hewa ikiwa imejaa unyevu kiasi kwamba nguo iliyoanikwa ndani huamka mbichi. Maelezo mengi ya kutunza nywele wakati wa joto yameandikwa kwa ajili ya nchi kavu, ambako jua hukausha kila kitu, na ndiyo maana huanza na mafuta na kuishia na mafuta. Kwetu hali ni nyingine. Nywele za mtu wa pwani mwezi wa Februari huharibiwa zaidi na chumvi, iwe ya jasho, ya bahari au ya maji ya kisima, pamoja na unyevu unaofungiwa chini ya msuko, wigi au ushungi, kuliko zinavyoharibiwa na ukavu wa hewa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye ngozi ya kichwa na kwenye maji. Mafuta yatakuja baadaye, na yatakuja kidogo.

Nimeuandika hasa kwa ajili ya nywele za kipilipili, ziwe za asili au za dawa. Mwenye nywele za singa ataweza kuufuata pia, ila aoshe mara nyingi zaidi, kwa sababu mafuta ya ngozi hushuka upesi kwenye unywele ulionyooka, ilhali kwenye unywele uliojikunja hukwama karibu na shina na kuziacha ncha zikiwa kavu.

Hatua ya kwanza: Kagua kichwa kabla joto halijashika

Ukaguzi huu ufanyike mwezi wa Novemba, au wakati wowote kabla ya msuko wa kwanza wa msimu. Fumua nywele zote, zioshe, zigawe mafungu manne, kisha simama kwenye mwanga wa dirisha ukiwa na kioo cha pili nyuma ya kisogo, au mwombe mtu unayemwamini akutazamie, kwa kuwa sehemu zinazougua mwanzo ni zile ambazo mwenyewe huzioni.

Anza na ncha. Ncha iliyopasuka haiungwi na mafuta wala kondishena yoyote. Huendelea kupasuka kuelekea juu, na dawa yake ni mkasi. Nywele hukua kwa wastani wa sentimita moja hivi kwa mwezi, kwa hiyo kupunguza nusu sentimita kunakugharimu wiki mbili tu za kusubiri.

Kisha tazama pembezoni mwa paji la uso na juu ya masikio. Ukiona nywele zimekuwa fupi na nyembamba pale misuko inapoanzia, au ngozi imeanza kung'aa, hiyo ni dalili ya kuvutwa kwa muda mrefu, na msimu huu wote usisuke mtindo wowote unaoanzia hapo. Mizizi ikipumzishwa mapema huotesha tena. Ikivutwa kwa miaka hufa, na ikishakufa hakuna mafuta ya nyonyo yatakayoifufua, hata kama anayeyauza ana nywele hadi kiunoni.

Mwisho kagua ngozi yenyewe, na hapa ni lazima kutofautisha mba na mapunye, kwa sababu watu wengi huvitibu kwa kitu kimoja. Mba ni vipande vyeupe au vya manjano, vyenye mafuta mafuta, vilivyotawanyika kichwani, na nywele zenyewe hubaki mahali pake. Mapunye hufanya mabaka ya duara ambamo nywele zimekatika karibu kabisa na ngozi, na huwapata zaidi watoto. Mba hutulizwa kwa shampuu yenye ketokonazoli, ambayo hupatikana katika maduka ya dawa: hupakwa kwenye ngozi, huachwa kwa dakika tatu hadi tano, kisha husuuzwa, mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki mbili hadi nne. Mapunye hayaponi kwa kupaka tu, kwa kuwa ugonjwa huwa umeingia ndani ya shina la unywele, na mgonjwa huhitaji vidonge atakavyoandikiwa na daktari katika kituo cha afya. Usisuke juu ya kimojawapo kati ya hivi kwa matumaini kwamba kitaisha chenyewe humo ndani. Joto na unyevu wa kaskazi ni mazingira ambayo kuvu huyapenda kuliko yote.

Hatua ya pili: Yajue maji unayooshea

Watu wengi wa miji ya mwambao huoga maji ya kisima, ama kwa sababu bomba halijafika, ama kwa sababu limefika na halitoi. Maji hayo mara nyingi yana chumvi na madini ya kalsiamu na magnesiamu, na kuyatambua hakuhitaji maabara: sabuni huchelewa kutoa povu, ndoo hubaki na mstari mweupe pale maji yalipoishia, na birika la chai huota ukoko ndani. Kwenye nywele madini hayo huungana na sabuni na kufanya utando mzito unaonata. Mwenye nywele huugusa utando ule, akaudhania kuwa ni ukavu, akauongezea mafuta, na wiki inayofuata anaosha kwa sabuni nyingi zaidi ili kuyatoa mafuta yale. Nimewaona watu wakizunguka katika mduara huo miaka kwa miaka, kila mwaka wakibadilisha chapa ya mafuta, wasibadilishe maji.

Ukiwa na maji ya aina hii, acha kabisa kuoshea sabuni ya kipande, kwa kuwa sabuni hiyo ndiyo inayofanya utando na tena hufungua magamba madogo yanayoufunika unywele kwa ukali wake. Tumia shampuu, ambayo haigandani na madini kwa kiwango hicho. Suuza kwa maji ya kisima hadi povu liishe, kisha malizia kwa lita tatu au nne za maji laini, yawe ya mvua uliyoyahifadhi au ya bomba. Yasipopatikana, changanya kijiko kimoja cha chakula cha siki katika lita moja ya maji, mimina polepole kichwani, acha kwa dakika moja, kisha suuza. Siki huyeyusha sehemu ya madini na kuyalaza magamba, na harufu yake hutoweka nywele zikikauka.

Wengi wetu tulifundishwa kutumia ndimu kwa kazi hiyo. Nashauri iachwe, hasa katika miezi hii, kwa sababu maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na ngozi hiyo ikapigwa na jua huweza kuibabua, ikatoka malengelenge na baadaye mabaka meusi kwenye paji la uso na shingoni.

Hatua ya tatu: Chagua msuko unaoruhusu kichwa kuoshwa

Swali la kuuliza kuhusu mtindo wowote wa msimu huu ni moja: je, nitaweza kuiosha ngozi ya kichwa kila wiki bila mtindo kuharibika? Kwa kipimo hiki, twende kilioni ya nywele zako mwenyewe, ile mistari ya kawaida inayokwenda nyuma, huishinda mitindo mingi ya bei kubwa. Inasukwa kwa muda mfupi, inaoshwa kwa urahisi, inakauka upesi, na ikichakaa baada ya wiki mbili hutasikitika kuifumua. Misokoto minene ya nywele za asili nayo inafaa, na kunyoosha nywele kwa uzi kunasaidia kwa anayetaka urefu bila moto.

Anayetaka rasta, yaani nywele za bandia za kusukia, asizuiwe, lakini apunguze. Rasta nyingi zinazofika kiunoni hubeba maji mengi zikiloa, na uzito wote huo huning'inia kwenye mizizi iliyokwisha kulainika kwa jasho. Zinazoishia mabegani zinatosha. Kama rasta hukuwasha, ziloweke usiku mmoja katika beseni la maji yenye siki kidogo, uzisuuze na kuzianika kabla ya kwenda kusukwa. Kwa kipindi cha kaskazi nashikilia wiki sita kuwa ndiyo mwisho wa rasta kichwani, ingawa najua watu wanaokaa nazo miezi mitatu na kuhesabu kuwa wamebana matumizi.

Msuko usiume. Ukilazimika kumeza dawa ya maumivu usiku wa kwanza, au ukiona vipele vidogo vyeupe kwenye mstari wa mbele, msuko umekazwa kupita kiasi na mistari ile ifumuliwe siku hiyo hiyo. Wengi huogopa kumwudhi msusi, hasa akiwa mtu mzima kuwazidi. Semeni mapema, kabla hajashika mstari wa kwanza: "Dada, naomba huku mbele usinikaze, na hizi nywele ndogo uziache." Msusi mzuri hatachukia, na anayechukia amekuonyesha mapema kwamba utafute mwingine.

Kuhusu wigi nina machache: ivuliwe mara ufikapo nyumbani, wavu wake wa ndani uoshwe kila wiki, na gundi isipakwe kwenye ngozi inayotoka jasho.

Hatua ya nne: Osha kwa ratiba, na ukaushe hadi shinani

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote. Nywele zilizo wazi zioshwe kwa shampuu mara moja kwa wiki, na anayefanya kazi ya jasho au mazoezi azisuuze kwa maji matupu na kondishena kidogo katikati ya wiki. Nywele zilizosukwa zioshwe kila baada ya siku saba hadi kumi. Ile imani kwamba nywele zilizosukwa hazioshwi mpaka zifumuliwe ilikuwa na madhara machache msuko ulipokuwa wa wiki moja. Kwa msuko wa wiki sita katika joto hili, haifai hata kidogo.

Tafuta chupa ya plastiki yenye mdomo mwembamba, kama ile ya tomato sosi, ioshe vizuri, tia shampuu robo na maji robo tatu, kisha itikise. Inama juu ya beseni au simama bafuni, loanisha kichwa, na upitishe mdomo wa chupa katika kila njia iliyo kati ya mistari, ukibonyeza kidogo kidogo kama mtu anayechora. Sugua njia hizo kwa nyama ya vidole, si kwa kucha, ukianzia mbele kwenda kisogoni, na usiisugue misuko yenyewe, kwa sababu povu linaloshuka wakati wa kusuuza linatosha kuiosha. Suuza kwa maji mengi kuliko unavyodhani yanahitajika. Shampuu iliyobaki shinani hukauka ikawa unga mweupe, na ndiyo hiyo mara nyingi mtu huishtaki kuwa ni mba.

Baada ya kusuuza, usisugue kwa taulo. Kamata misuko michache michache na uikamue kwa fulana kuukuu ya pamba, kisha bonyeza fulana hiyo kwenye ngozi, mstari kwa mstari, mpaka isitoke tena na maji. Kisha kaa penye upepo wa kivuli au mbele ya feni. Msuko hukauka nje mapema na kubaki na maji ndani ya shina kwa saa kadhaa, na mwenye kutaka kujua kama umekauka abane mizizi ya kisogoni kwa vidole viwili: ikiwa baridi, bado kuna maji. Kwa sababu hiyo osha asubuhi, siku ambayo hutoki, na kamwe usioshe usiku ukalala na kichwa kibichi. Harufu ya uvundo inayotoka kwenye rasta za wiki ya tatu huanza hivyo.

Wanaovaa ushungi, mtandio au kilemba kutwa wana sababu kubwa zaidi ya kulizingatia hili, kwa kuwa nywele zilizofunikwa zikiwa mbichi hazikauki mpaka jioni. Osha siku usiyotoka, au amka mapema. Chini ya mtandio vaa kitambaa chembamba cha pamba kinachonyonya jasho, uwe nacho kingine mkobani, na ubadilishe adhuhuri kile kilicholowa.

Hatua ya tano: Mafuta baada ya maji, tena kidogo

Mafuta si maji, na hayaongezi unyevu ndani ya unywele. Kazi yake ni kuufunika unyevu uliopo na kupunguza msuguano. Yakipakwa juu ya nywele kavu zenye jasho la siku tano, yanafunika chumvi na vumbi, basi. Yapakwe mara baada ya kuosha, nywele zikiwa hazijakauka kabisa, kijiko kimoja cha chai kwa kichwa cha nywele za wastani, yakianzia katikati ya unywele kwenda nchani. Ngozi ya kichwa yenye mba isipakwe mafuta kabisa, kwa sababu kuvu ya mba hujilisha kwa mafuta.

Kati ya mafuta yote nayapendelea ya nazi, na si kwa sababu tu ni ya nyumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, na ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini ya unywele, yakipakwa kabla ya kuosha na hata baada yake. Asidi ya lauriki iliyo ndani yake ni nyembamba kiasi cha kupenya ndani ya unywele, na hivyo hupunguza maji yanayoingia na kuuvimbisha kila unapooshwa. Kutokana na hilo, njia bora ya kuyatumia ni kuyapaka kwenye nywele nusu saa au saa moja kabla ya shampuu, kisha kuyaosha, badala ya kutembea nayo kichwani kutwa.

Ukijipikia mwenyewe, kuna jambo moja la kuzingatia. Tui likishachemka na mafuta kujitenga, usiepue mpaka mlio wa kutokota uishe kabisa na mashapo yawe ya kahawia, kwa sababu mlio ule ni maji yaliyobaki, na mafuta yenye maji huchacha kabla ya mwezi kuisha. Chuja kwa kitambaa kikavu na utie kwenye chupa kavu. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, na katika miezi ya kaskazi joto la pwani mara nyingi huwa juu ya hapo, kwa hiyo mara nyingi yatabaki maji maji. Ukipaka mengi yatashuka na jasho hadi kwenye paji la uso na kukuachia chunusi.

Dawa za kunyunyizia zenye gliserini nyingi ziwekwe kando mpaka hewa ikauke, kwa kuwa gliserini huvuta unyevu kutoka hewani, na hewa yetu ina mwingi. Nywele huvimba na mtindo hulegea. Anayeishi Nairobi, ambako Februari huwa na hewa kavu, hatapatwa na hilo, na yeye ndiye anayeweza kuongeza mafuta mazito kidogo.

Nimeulizwa mara nyingi kama kunywa maji mengi hulainisha nywele. Unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna uhai wala mishipa ya kuupelekea maji. Kunywa maji kwa ajili ya mwili wako.

Hatua ya sita: Kinga dhidi ya jua la utosini

Dar es Salaam na Unguja, mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri hupita juu ya utosi kabisa, na kivuli cha mtu hubaki chini ya miguu yake. Katika miezi hii kipimo cha miale ya urujuanimno mara kwa mara hupita 11, ambacho ndicho kiwango cha hatari kubwa kabisa katika mizani ya Shirika la Afya Duniani. Miale hiyo huvunja protini ya unywele na kufifisha rangi yake, na ndiyo inayozigeuza ncha za nywele nyeusi kuwa na wekundu wa kutu. Zaidi ya nywele kuna ngozi: mistari ya twende kilioni huianika ngozi ambayo haijazoea jua, na huweza kuungua kwa saa chache za ufukweni.

Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni vaa kofia pana, beba mwavuli, au jifunge kanga. Kanga ni kinga nzuri ikiwa imefumwa kwa nyuzi zilizobanana, ila pamba yake hukwaruza na kunyonya unyevu, kwa hiyo anayejitanda kila siku avae chini yake kofia ya satini iliyolegea. Fundo lisikazwe mahali pale pale kila siku; likikaa juu ya paji la uso Jumatatu, Jumanne lihamie kisogoni. Mistari iliyo wazi ipakwe losheni ya kukinga jua, ya majimaji au ya jeli ili isikwame. Kwa mtu mwenye ualbino hili si la urembo, kwa kuwa saratani ya ngozi huanzia mara nyingi kichwani, masikioni na shingoni. Kofia yenye ukingo mpana iwe ya kila siku, pamoja na losheni kama Kilisun, ambayo hutengenezwa Moshi kwa ajili yao.

Abiria wa bodaboda wana tatizo la peke yao, yaani kofia ngumu iliyokwisha kuvaliwa na watu ishirini tangu asubuhi. Isikataliwe, kwa kuwa inaokoa maisha. Weka mkobani kitambaa chembamba cha kuvaa ndani yake, na kifuliwe kila jioni.

Hatua ya saba: Siku ya bahari

Unywele mkavu hunywa maji ya kwanza unayoupa. Kabla ya kuingia baharini, loanisha nywele kwa maji baridi yasiyo na chumvi mpaka zitosheke, zipake kondishena au mafuta ya nazi, kisha zisuke mistari minene minne au sita. Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila lita. Ukitoka na kukaa juani, maji yanaondoka na chumvi inabaki, ikikwaruza kila unywele unaosuguana na mwenzake. Beba chupa mbili za lita moja na nusu za maji ya bomba na ujisuuze pale pale ufukweni, usingoje kufika nyumbani baada ya foleni ya Kigamboni.

Kwenye bwawa la kuogelea mpango ni huo huo, pamoja na kofia ya kuogelea, na kichwa kioshwe kwa shampuu siku hiyo hiyo ili klorini itoke. Waliotia blichi wasishangae nywele zikigeuka kijani. Ni madini ya shaba yaliyomo majini.

Dawa, pasi na rangi

Pasi ya nywele haina faida katika miezi hii. Umbo inalolipa unywele hushikiliwa na vifungo vya ndani ya unywele ambavyo unyevu huvivunja, kwa hiyo nywele ulizozinyoosha saa mbili asubuhi zitakuwa zimerudi kabla ya saa sita, nawe utakuwa umeziunguza bure. Dawa ya kulainisha ni kali sana, na ngozi iliyokunwa au yenye majeraha madogo ya jasho huungua nayo. Usijikune wala kuosha kichwa siku mbili kabla ya kutia, usirudie kabla ya wiki nane, tena iguse nywele mpya tu, na usisuke hadi wiki mbili zipite. Hina ya majani haina ubaya ikifuatiwa na kondishena nzuri. Piko nyeusi isikaribie kichwa, kwa kuwa kemikali yake imewaunguza na kuwavimbisha watu wengi.

Kwa wanaume na wavulana, shida kubwa ni vipele vya kisogoni vinavyokuja baada ya kunyoa karibu sana na ngozi. Mwambieni kinyozi aache nywele kidogo kisogoni, asafishe mashine kwa spiriti mbele yenu, na kola ya shati isisugue mahali hapo. Vipele vikigeuka vinundu vigumu, mwoneni daktari mapema, kwa sababu vikikomaa kuviondoa ni kazi.

Hatua ya mwisho: Fumua kabla ya masika

Mwaka mmoja nilisukwa rasta wiki ya mwisho ya Desemba na kuzifumua katikati ya Machi, wiki kumi na moja baadaye, kwa uvivu tu. Kila msuko ulikuwa na pete ya kijivu shinani, pale ngozi ilipoachana na msuko kadiri nywele zilivyokua: mchanganyiko wa mafuta, vumbi, jasho na nywele zilizokwisha kung'oka. Mtu hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku, na ndani ya msuko hazina pa kwenda. Nilipoona zile pete nikakimbilia maji. Yalipozigusa zilishikana kama pamba iliyoloa, na nikatumia siku mbili na mkasi kuzitenganisha. Konzi ya nywele nilizozitupa siku ile haikukatwa na jua.

Utaratibu sahihi ni huu. Kata rasta chini ya pale nywele zako zinapoishia, ukijipa nafasi ya vidole viwili. Fumua kwa vidole au kwa mkia wa kitana, kuanzia nchani. Ukifika kwenye pete, paka tone la mafuta au kondishena, acha kwa dakika chache, kisha ichanguechangue kwa vidole mpaka iachie. Pitisha chanuo la meno mapana katika fungu hilo, kutoka nchani kwenda shinani, na nywele za siku zote hizo zitatoka kwa pamoja. Usitishike na wingi wake. Mafungu yote yakishachanwa, ndipo maji yanaruhusiwa. Osha mara mbili, tia kondishena kwa nusu saa, kisha acha kichwa bila msuko kwa wiki mbili angalau.

Kwa bahati nzuri wiki hizo mara nyingi huangukia mwanzo wa masika, na maji ya mvua ndiyo maji laini kuliko yote utakayoyapata bure. Usikinge ya mwanzo: acha mvua ipige bati kwa dakika kumi ili vumbi na kinyesi cha ndege vishuke, kisha weka pipa, lifunike kwa wavu ili mbu wasitage humo, na utoe lita nne kila siku ya kuosha.